Shangazi wa Karatasi

Kwa miaka mingi, katika kila karatasi ya kambi iliyonitaja, mama yangu mzazi alikuwa shangazi yangu. Nalisema hili mwanzoni kabisa, na kwa sauti, kwa sababu nimechoka kulinong'ona. Mimi ni mwanasheria. Nafundisha sheria ya familia chuo kikuu, Mbarara. Nimesimama mbele ya madarasa nikaeleza nani ni mke, nani ni mtoto, nani anabaki na nyumba mume akifa, na muda wote huo kadi yangu ya ukimbizi ilisema nimezaliwa na mwanamke ambaye hakunizaa. Nichekeni tu. Mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Tulivuka kutoka Kivu ya Kusini tukiwa watu wanane: baba, wake zake wawili, na watoto watano. Nilikuwa na miaka sita. Mke wa kwanza, ambaye wote tulimwita Mama Mukubwa, alikuwa na pete ya kanisa. Mama yangu hakuwa na pete. Yeye alikuwa na mahari: mbuzi, vitenge na pombe, vilivyopokelewa na babu yangu mzaa mama mbele ya watu, na wale mbuzi waliswagwa mpaka uani kwake na baba yangu mdogo, kwa fimbo yake mwenyewe. Huyo baba mdogo tutakutana naye tena mbele.

Kwenye foleni ya kujiandikisha kambi ya Nakivale kulikuwa na maneno yakitembea kutoka nyuma kwenda mbele. Watu walisema Uganda inapokea mume mmoja na bibi mmoja, na bibi wa pili anarudishwa alikotoka. Nani aliyaanzisha, sijui. Nilipokuwa mtu mzima nilizisoma kanuni zote nilizoweza kuzipata, nikitafuta mahali palipoandikwa hivyo, sikupaona. Lakini foleni haisomi kanuni. Mbele yetu walikuwa wamebaki watu kama watano, na katika muda wa hao watu watano, mizigo ikiwa bado kichwani, wazazi wangu watatu wakaamua. Mama yangu angekuwa dada wa baba. Na kwa kuwa dada asiye na mume angeulizwa watoto kawapata wapi, sisi wote tukawa watoto wa Mama Mukubwa.

Mama alichuchumaa akanishika kidevu.

"Toka leo mimi ni shangazi yako," akasema. "Ukiulizwa, sema shangazi."

"Ndiyo, mama."

Akanizaba kofi. Sikuwahi kupigwa na mama kabla ya hapo.

"Sema!"

"Ndiyo, shangazi."

Kisha akanifuta machozi kwa mkono uleule, na tukaitwa mezani.

Nikawa hodari sana wa neno hilo. Nyumbani alikuwa mama, siku za kuhakikiwa alikuwa shangazi, na sikukosea hata mara moja. Kila walipotuita ofisini, mara kwa mgao, mara kwa picha, mara kwa alama za vidole, afisa angenyoosha kalamu na kuuliza, "Huyu ni nani?" nami ningejibu upesi, "Shangazi," kama mtoto anayetaja jibu la hesabu. Mama angenitazama na kutikisa kichwa kidogo kuonyesha nimefanya vizuri. Jamani! Nilijivunia.

Sasa nina hasira na jambo hilo, na sitajifanya sina. Uongo ule waliutunga watu watatu lakini aliyeulipia ni mmoja. Baba alibaki baba, mkuu wa familia, jina lake juu kabisa. Mama Mukubwa akawa mke halali na mama wa watoto watano. Mama yangu aliingia Uganda akiwa mwanamke mpweke, hana mume, hana mtoto, kaandikwa mwishoni kabisa mwa karatasi kama mgeni aliyekuja kula akakosa kuondoka. Na ndiye aliyelima. Shamba tulilopewa alilifyeka yeye, mahindi na maharage ni yake, nyumba ya pili ya udongo pale uani aliikandika yeye kwa miguu yake. Baba alilala huko wiki moja na kwa Mama Mukubwa wiki nyingine, na kijiji kizima kilijua ratiba.

Nilipopata nafasi ya kusomeshwa, fomu ikauliza jina la mama. Nikaandika la Mama Mukubwa. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na karai la mihogo. "Andika muzuri," akaniambia, "usiharibu fomu." Nikaandika vizuri.

Watu hupenda kuuliza kwa nini niliichagua sheria ya familia. Wenzangu wa chuo wana jibu lao, kwamba niliachwa na mchumba. Ala! Kana kwamba mwanamke hawezi kukasirika bila mwanamume kumwacha. Jibu langu la hadharani lilikuwa la kisomi, na nilijengea jina langu juu yake: mwanamke ashike karatasi. Niliandika makala kuhusu wanawake wanaoishi na mume miaka ishirini bila hati, nikapigiwa makofi ukumbini. Wanafunzi waliniita Madam Karatasi. Niliposikia, nilifurahi.

Baba alikuja kunitembelea mara moja, pale ninapopanga, mtaa wa Nyamityobora, akakaa kwenye kiti changu, akavitazama vitabu ukutani. "Soma, mwanangu," akasema, "lakini sheria ya Mbarara iishie Mbarara. Usituletee nyumbani." Nilicheka. Ningemuuliza pale pale, baba, unaogopa nini? Sikumuuliza, na hilo ni kosa langu, si lake.

Mara moja kwa mwezi nilikuwa nikienda kambi ya jeshi kuwafundisha wake wa askari haki zao. Siku moja nikawa nahubiri habari zangu za hati, na mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele wakati wote huo akainua mkono.

"Madam," akasema kwa Kiswahili chao cha kambini, "na kama karatasi iko nadanganya?"

"Karatasi haidanganyi," nikamjibu. "Watu ndio hudanganya."

"Na nani nalipa?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaangalia saa, nikasema muda umekwisha. Ulikuwa haujakwisha. Nilirudi Nyamityobora nimevimba kwa hasira, nikimwambia kila mtu kwamba yule mama hana adabu, na moyoni nilijua vizuri kabisa amenishika pabaya.

Baba akafariki. Aliugua kifua, hakukaa sana. Mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji, kwa sababu miguu ya Mama Mukubwa ilikuwa imeshachoka. Tulimzika, watu wakaja matangani, majirani wakaleta maziwa kutoka upande wa Endiinzi kwa chai ya wafiwa. Matanga yalipoondolewa, baba mdogo akaja kutoka zoni nyingine ya kambi. Hakukaa kwenye benchi na wageni. Alikaa kwenye kiti cha baba.

"Familia inahitaji mukubwa," akasema. "Nimeshaenda kule ofisi. Nitaandikwa mimi. Bibi ya kaka yangu atabakia na nyumba yake na batoto yake, hakuna shida. Hii nyumba ingine, kijana wangu anataka kuoa, ataingia."

"Na mama?" nikauliza.

"Mama gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole, ameketi pale pale anakoroga chai.

"Ah, dada ya marehemu." Alilisema bila kupepesa macho, mtu aliyeswaga mbuzi wa mahari ya mama! "Mutu anaacha nyumba ya kaka yake, anarudia kwa baba yake. Njo desturi. Weye avoka ya Mbarara, mutu ya sheria, soma mwenyewe. Imeandikwa."

Arudi kwa baba yake. Babu yangu alizikwa Kivu, na nyumba yake ilichomwa. Baba mdogo aliyajua yote hayo. Ofisini walimwambia shauri lisikilizwe na kamati ya zoni mbele ya afisa wiki ijayo, na karatasi ndiyo ingetangulia kusomwa. Kwa karatasi ile, mama angelala nje.

Nilidhani vita yangu ni na baba mdogo. Kumbe vita ya kwanza ilikuwa na mama mwenyewe. Nilimkuta anafunga sufuria zake kwenye kitenge.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna rafiki ya kanisa, zoni ile ya chini. Atanipa fasi."

"Hutoki hapa."

"Nikisema mimi ni bibi yake, batauliza juu ya nini nilidanganya," akasema. "Batatufukuza siye yote. Na weye je? Faili yako yote inasema mama yako ni mwengine. Batakunyang'anya kazi. Nilikupiga kofi ili usome, leo nikuharibie?"

"Haribu!" nikamwambia. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Haribu yote, mama! Nimekula jasho lako tangu utoto halafu nikuache ulale kwenye ukumbi wa mtu?"

Akazifungua sufuria, lakini hakuahidi kusema kitu.

Nikaenda kwa mchungaji wetu. Alikuwa amemjua mama tangu tufike. Mama alifagia kanisa lake kila Jumamosi ingawa hakuruhusiwa meza ya Bwana, kwa kuwa yeye ni wa pili.

"Kanisa haliwezi kushuhudia," akasema kwa upole. "Kanisa halimjui bibi wa pili."

"Lakini maharage yake kanisa liliyajua," nikasema. "Kila sikukuu ya mavuno mliyapokea mkayaombea. Hayo nayo yalikuwa ya dada?"

Akaniambia nina kiburi. Nikamwambia ninacho, na ninakihitaji chote wiki hii. Kisha nikaondoka kabla sijasema jambo ambalo ningelazimika kulitubu.

Mbarara, mwenzangu mmoja wa kitivo alinionya kwamba najichongea. Nikishuhudia, faili langu la ajira litaonekana lina jina la mama asiye wangu, kwa mwandiko wangu. Nikamwambia ajiandae kunishikia vipindi. Niliandika hoja zangu kurasa saba. Mahari, mashahidi wa mahari, muda wa kuishi pamoja, mjane na haki yake ya kubaki katika nyumba ya ndoa. Nilizisoma kwa sauti mbele ya kioo. Zilikuwa hoja nzuri sana, nasema kweli.

Siku ya shauri, ukumbi wa zoni ulijaa. Wanakamati walikaa benchi la mbele, na afisa, kijana wa Kiganda mwenye haraka zake, kwenye meza yenye karatasi za familia yetu. Mama alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kama alivyoandikwa. Mama Mukubwa aliletwa kwa boda boda, akakaa karibu na baba mdogo, na hilo lilinitia hofu kuliko yote. Baba mdogo alisema yake kwa ufupi, akaonyesha karatasi. Kisha nikaitwa.

Nikasimama, nimevaa koti langu la mahakamani, kurasa saba mkononi. Afisa hakunipa hata nafasi ya kufungua ukurasa wa kwanza. Alinyoosha kalamu kuelekea mlangoni, vilevile kama wale wote waliomtangulia.

"Madam, kwanza. Huyu mama pale ni nani yako?"

"Shangazi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Upesi, safi, kama mtoto anayetaja jibu la hesabu. Shahada tatu, na mdomo wangu ulikuwa bado kwenye foleni!

Baba mdogo akapiga makofi. "Mumesikia! Avoka amesema mwenyewe! Andika, afisa, andika!" Watu wakaanza kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijaribu kusema samahani, si hivyo, nirudie, lakini kicheko kilinifunika, na kurasa zangu saba zilinimwagikia miguuni. Afisa alikuwa ameshainamisha kalamu.

"Simama hapo!"

Ilikuwa sauti ya mama. Nilikuwa sijawahi kuisikia mahali penye watu wengi. Alikuwa anatembea kutoka mlangoni, anawasukuma watu kwa mabega.

"Musimucheke!" akasema. "Mimi njo nilimufundisha. Alikuwa na miaka sita. Aliniita mama kwenye mustari, nikamupiga kofi juu ya ile neno, na ile kofi iko ku mukono yangu mpaka leo. Munacheka nini? Mutoto amesema kile nilimuomba aseme."

Afisa akainua kichwa. "Nyinyi munanichanganya. Mama, sasa nauliza wewe. Huyu mzee mwenye alikufa alikuwa nani yako?"

Nilimwona mama akinitazama, akaitazama karatasi, akamtazama baba mdogo.

"Bwana yangu," akasema. "Nilimuzalia batoto batatu. Huyu ni wangu, bale babili kule nyuma ni bangu. Nilidanganya serikali yenu juu niliogopa vita. Kama iko kosa, andika kosa. Lakini andika na bwana yangu."

Baba mdogo akarukia kusema huyo ni muongo, kakiri mwenyewe, muongo haaminiwi. Hapo Mama Mukubwa akajishika kwenye benchi akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Ile shauri ilikuwa yangu," akasema. "Nilikuwa na pete, nikasema weye utakuwa dada, ili basimurudishe. Ni mbanda wangu, bibi mwenzangu, ndiyo, tumegombana juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya bwana. Lakini ku vita siwezi kumurudisha, na leo siwezi kumulaza inje. Mukitaka kufukuza muongo, muanze na mimi." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Na weye, zile mbuzi uliswaga, ulizani unaenda kuoa dada yako?"

Ukumbi ulilipuka. Hata wanakamati walifunika midomo. Afisa akagonga meza, akawauliza wanakamati kama wanajua huyu mama alikuwa mke. Wakamwangalia kana kwamba kauliza kama jua huchomoza.

"Nani hajui?" mzee mmoja wa kamati akasema.

"Sasa mbona hamukusema?"

"Hatukuulizwa."

Nyumba na shamba vikabaki kwa mama. Afisa aliandika pale pale kwamba asihamishwe, na kwamba karatasi ya familia ipelekwe kurekebishwa. Baba mdogo alitoka bila kuaga. Kiti cha baba tulikichukua siku hiyohiyo tukakiweka kwenye nyumba ya mama, na ukitaka kukalia, uombe.

Zile kurasa saba sikuzisoma kwa mtu. Darasani siku hizi naanza na swali la yule mama wa kambi ya jeshi, na nawaambia wanafunzi ni la nani, kwa sababu mimi sikuweza kulijibu. Na nimerudi kumtafuta nikamwomba radhi. Aliendelea kuchambua mchele, akasema hiyo si kitu, ila niangalie saa yangu, inakwenda mbio. Faili langu mwenyewe bado linazunguka ofisini chuoni, limeambatishwa barua yangu ya kukiri. Wapo wanaosema nitaponzwa nalo. Liniponze. Nimeshaandika jina la mama yangu mahali pake na sitalifuta kwa kumwogopa mtu.

Miezi michache baadaye tuliitwa kuhakikiwa. Niliacha vipindi nikaja Nakivale, nikasimama na mama kwenye foleni tangu asubuhi, jua likituwakia sote. Tulipofika mezani, karani alikuwa msichana mgeni, asiyetujua. Akanyoosha kalamu.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu," nikasema, kwa nguvu mpaka foleni nzima ikageuka.

Nikangoja kofi. Shavu langu lililingoja kabisa, mtu mzima mimi. Mama alinitazama kidogo, kisha akaegemea meza akachungulia karatasi ya yule karani.

"Umeandika?" akamuuliza.